Wiki sita na dadu: kisa changu na Dicey Dungeons

Hiki ni kisa changu mwenyewe na naandika kirefu kwa sababu kila nikisikia watu wanaongelea uraibu wa magemu naona wanaishia kwenye "punguza" na "futa hiyo kitu", na mimi vyote viwili nilifanya na wala havikunisaidia, mpaka siku nilipokaa chini nikaangalia ni nini hasa kilikuwa kimenishika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, mkoa wa Morogoro, nafundisha fomu tatu na fomu foo. Sibeti, sijawahi kuweka mkeka hata mmoja, na sababu ni kwamba probabiliti naifundisha kila mwaka, nikiona odi za mechi kumi zimeunganishwa kichwani tayari nimeshazidisha na najua hela inaenda wapi. Kwa hiyo mtu angeniambia kuna siku nitakaa macho mpaka saa 9 usiku kwa ajili ya dadu, ningebisha sana tu.

Gemu yenyewe inaitwa Dicey Dungeons. Aliyeitengeneza ni Terry Cavanagh, mtu wa Ireland, yule yule wa Super Hexagon kama kuna mtu anaikumbuka. Alianza kuijenga mwaka 2018 kwenye yale mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya siku 7, afu ikakua ikakua mpaka ikatoka kwenye kompyuta Agosti 2019 na kwenye simu 2022. Mimi nilionyeshwa na mwalimu mwenzangu likizo ya mwezi wa 6, tumekaa tunasubiri basi, akanipa simu yake akasema jaribu raundi moja, mwalimu. Raundi moja ni kama nusu saa. Basi likaja nikapanda huku bado namuulizia kwenye simu lile shoka linapatikana vipi.

Niieleze kwanza inavyochezwa maana bila hiyo kisa hakieleweki. Unachagua mmoja kati ya wahusika sita, ambao wote wamegeuzwa kuwa dadu zinazotembea, wamenasa kwenye shoo ya mchezo ya bibi mmoja anaitwa Lady Luck. Unashuka shimoni chumba kwa chumba unapigana na maadui, mwisho kuna bosi. Silaha zako ni karata, zimelala mezani mbele yako, na kila zamu unarushiwa dadu zako afu wewe unaamua dadu ipi inaenda kwenye karata ipi. Upanga unapokea namba yoyote na unapiga kwa namba hiyo, ukiweka 5 adui anatoka damu 5. Shoka linapokea mwisho 4, ukija na 5 au 6 halipokei kabisa, ila linapiga mara mbili, kwa hiyo 4 kwenye shoka ni 8 wakati 6 kwenye upanga ni 6 tu. Umeona hapo? Dadu kubwa sio lazima iwe dadu nzuri. Yule mhusika Mwizi ndo kabisa, kisu chake kinapokea mwisho 3 lakini unakitumia mara nyingi utakavyo kwenye zamu moja, na ana kitu kama funguo malaya ya kuvunja dadu moja iwe mbili, kwa hiyo ukiwa Mwizi ukipata 6 unaivunja vipande ili iingie kwenye kisu. Afu kuna karata moja ya mwiko, kama ule wa kugeuzia chapati, unaweka dadu inageuzwa juu chini, 1 inakuwa 6. Hii ya mwiko naomba muishike, nitairudia.

Na adui naye anakuchafulia meza. Dadu yako inawashwa moto, ukitaka kuitumia unalipa damu 2 kwanza. Nyingine inagandishwa inashuka mpaka 1. Karata inapigwa shoti, haifanyi kazi mpaka uitoe kafara dadu moja kuizindua. Yaani kila zamu ni fumbo dogo la dakika moja hivi, la kwako peke yako, na halijirudii.

Sasa kisa.

Wiki ya kwanza haikuwa na shida yoyote, likizo, nacheza mchana nikimaliza shamba. Wiki ya pili shule imefunguliwa, nacheza usiku watoto wakishalala. Wiki ya tatu nikaanza kucheza kwenye mapumziko ya saa 4 ofisini, nikijiambia ni zamu mbili tatu tu, kengele inagonga naingia darasani kichwani bado napanga dadu. Wiki ya nne fomu foo wakafanya mtihani wa moko na nikabebeshwa skripti za mikondo miwili, skripti 114, za kusahihisha ndani ya siku 8. Mimi skripti za hesabu nasahihisha haraka, kwa usiku mmoja naweza kumaliza 20 bila kuchoka. Zile siku 8 zilipoisha nilikuwa nimesahihisha 41.

Usiku ninaoukumbuka kuliko zote ni wa siku ya sita. Nilikuwa nimejipangia skripti 15 na baada ya hapo raundi moja kama zawadi. Nikasahihisha 6, nikaona niitangulize zawadi. Nimecheza na Mpiganaji, mmoja wa wale wahusika sita, raundi imeenda vizuri sana, nimefika kwa bosi saa 7 na nusu usiku, bosi kabakiza damu 10 na mimi nimebakiza kidogo mno, akipiga tu nimekwisha. Zamu yangu, dadu mbili, 4 na 5. Upanga na shoka vyote viko mezani. Mtoto wa fomu two angeona jibu, 4 kwenye shoka ni 8, 5 kwenye upanga ni 5, jumla 13, bosi kafa. Mimi nikavuta ile 4 nikaiweka kwenye upanga. Sijui hata kwa nini, ni mazoea tu ya mkono, maana mwanzoni mwa raundi nilikuwa na upanga peke yake na vidole vilikuwa vimeshazoea kwenda pale. Bosi akabaki na 6 na mimi nimebaki na dadu ya 5 ambayo shoka haliipokei.

Mpiganaji anaruhusiwa kurusha tena dadu mara 3 kwa zamu. Nilihitaji 3 au 4. Hesabu yake ni rahisi, kukosa mara moja ni 4 kwa 6, kukosa zote tatu ni 8 kwa 27, kwa hiyo kupata ni 19 kwa 27, kama asilimia 70. Nikarusha ikaja 5. Nikarusha ikaja 6. Nikarusha ikaja 2. Mbili kwenye shoka ni 4, bosi kabaki na damu 2, akanimaliza.

Na hapa ndo kwenye kiini cha kisa chote. Sikuhisi kwamba nimekosa bahati, hata ile asilimia 30 iliyoniangukia sikuilaumu. Nilichohisi ni kosa langu, kosa moja la wazi, naliona lilipo, ile 4 ingeenda shokani. Na mtu akishaona kosa lake lilipo hawezi kulala, anataka kulisahihisha, na mimi kazi yangu ndo hiyo, miaka yote nasahihisha makosa. Nikabonyeza kuanza upya kabla hata skrini ya kushindwa haijaisha. Mama watoto akageuka akasema, "Baba, hiyo taa ya simu inamuamsha mtoto." Nikainuka nikaenda sebuleni nikaendelea kule.

Watu wanaoelezea haya mambo wanapenda kumtaja Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani na njiwa wake, kwamba ukimpa njiwa punje kila akidonoa anadonoa kistaarabu, ila ukimpa mara moja moja bila mpangilio atadonoa bila kuchoka. Ni kweli, na mashine za kamari zinaendeshwa hivyo hivyo. Lakini kwa kisa changu naona haitoshi. Njiwa hajui kwamba angeweza kudonoa vizuri zaidi. Mimi nilijua. Kwenye kubeti unaamua kwanza, afu bahati inakuja baadaye kukuhukumu, mpira ukishaanza huna la kufanya zaidi ya kusali. Kwenye hii gemu mpangilio umegeuzwa, dadu inarushwa kwanza, imelala pale mezani wazi, afu wewe ndo unaamua. Bahati inakuletea tu malighafi, kilichopikwa ni cha kwako. Kwa hiyo ukishindwa, na unashindwa mara nyingi, huwezi kusema "mkeka umechanika" ukafunga simu ukalala. Unabaki na deni, na deni hilo unalidaiwa na nafsi yako.

Ndo maana nasema ile akili yangu ya hesabu niliyoitegemea kunilinda haikunilinda, ilikuwa ndo mlango wenyewe. Sitakuwa wa kwanza. Cardano, Mtaliano wa karne ya 16, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuandika hesabu za dadu, alikiri mwenyewe kwamba alicheza kamari miaka na miaka, karibu kila siku. Na hata barua za Pascal na Fermat, wanahesabu wa Ufaransa, za mwaka 1654 ambazo probabiliti yote tunayofundisha imeota kutoka hapo, zilianza na maswali ya mcheza kamari. Huwa nawahadithia wanafunzi, nawaambia ukirusha dadu moja mara 4 nafasi ya kupata 6 walau mara moja ni 671 kwa 1296, inazidi nusu kidogo sana, na wanashangaa.

Kuna mhusika mmoja lazima nimtaje, Roboti, kwa sababu huyu ndo pekee niliyeona anafanana kabisa na kamari. Yeye harushiwi dadu zake kwa pamoja, anazitoa moja moja kwa kubonyeza, na kuna kihesabio chenye kikomo. Ukipita kikomo, karata zote ulizobakiza zinakufa zamu hiyo, ukikigonga sawasawa unapewa zawadi. Ni karata ya ishirini na moja ile ile, wamebadilisha nguo tu. Kihesabio kikibakiza 3, ukipata 1 au 2 uko salama, ukipata 3 umepata zawadi, 4, 5 na 6 umekufa. Nusu kwa nusu. Nilijipima mapigo ya moyo siku moja nacheza na Roboti na nikajipima nacheza na Mpiganaji, nikitumia saa ya ukutani tu na vidole viwili shingoni, na Roboti alikuwa juu kwa mapigo kumi na kitu. Ila, na hili lilinishangaza, Roboti sikuwahi kukesha naye. Nikifa na Roboti nilikuwa naacha kirahisi, maana nilijua ni dadu imenikataa. Walionifanya nikeshe ni Mpiganaji na Mwizi, wale ambao kosa linakuwa langu.

Tarehe ya kukusanya ilipita. Siku ya kwanza nikasema naumwa kichwa, na kweli kilikuwa kinauma. Siku ya pili mkuu wa idara akanifuata mwenyewe, mzee wa watu, hakupandisha sauti, akasema "Mwalimu, za kwako tu ndo zimebaki, wenzako wanashindwa kupanga matokeo." Nikasema kesho. Siku ile ile natoka getini binti mmoja wa fomu foo, ambaye nilimbembeleza mwaka mzima asiikatie hesabu tamaa, akanisalimia shikamoo mwalimu afu akauliza, "Matokeo yetu ya hesabu bado? Nataka tu kujua kama niliweza." Skripti yake ilikuwa kwenye begi mgongoni kwangu. Ilikuwa imekaa humo siku tisa.

Usiku ule nilifuta gemu. Nikasahihisha 22. Kesho yake jioni nikairudisha, maana gemu yenyewe unailipia mara moja tu na ukishailipia ni yako, kuirudisha ni dakika mbili na bando dogo. Na haina matangazo wala haikuuzii almasi wala nini humo ndani, kwa hiyo siwezi kusema kuna mtu alikuwa ananikamua. Huko Ubelgiji walishapiga marufuku mwaka 2018 yale maboksi ya ndani ya magemu unayonunua bila kujua kilichomo, na nakubaliana nao kabisa, ila sheria ya namna hiyo kwangu isingegusa kitu. Ni sawa na Balatro, ile gemu ya karata za poka ya mwaka 2024, PEGI, wale wanaopanga umri wa kucheza gemu huko Ulaya, waliipa alama ya miaka 18 kwa sababu ya picha za kamari wakati hakuna hata senti inachezwa, mpaka Februari 2025 wakaishusha kuwa 12. Wanaangalia picha ya karata. Kinachomshika mtu hakionekani kwenye picha.

Nikajaribu kanuni ya raundi moja kwa siku. Haikufanya kazi pia, na sababu yake nzuri kuijua, raundi ukifa mapema dakika ya 8 akili haikubali kwamba hiyo ilikuwa raundi, unajipa nyingine ya kufidia, na nyingine.

Kilichofanya kazi kilianza na daftari. Kwa vile mimi ni mtu wa namba nikaanza kuandika, kila nikicheza, nimeanza saa ngapi, nimeacha saa ngapi na kilichonifanya niache. Siku 12. Nilipokuja kusoma ile safu ya mwisho nilikaa kimya muda mrefu. Chaji imeisha. Umeme umekatika na simu ina asilimia 3. Mtoto kaamka. Kengele. Usingizi, simu imeniangukia usoni. Chaji. Chaji. Hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa "nimetosheka". Hata siku niliyomuua bosi sikuacha, nilienda kujaribu mhusika mwingine, na wako sita na kila mmoja ana ngazi zake, kwa hiyo daima kuna ngazi moja mbele yako.

Shirika la Afya Duniani wana ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yao mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake ni kushindwa kujizuia, gemu kupewa nafasi mbele ya mambo mengine, na kuendelea hata ukiona madhara, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda kama miezi 12. Mimi vitatu vya mwanzo vyote nilijiwekea tiki kwa mkono wangu, muda ndo sikufikisha. Kwa hiyo sijiiti mgonjwa, na walio wagonjwa kweli wanahitaji msaada wa mtaalamu kuliko andiko la mwalimu. Lakini wiki 6 zilitosha kuharibu kazi ya watu.

Nikajiuliza sasa, kwa nini mwaka huu, mbona magemu nimeyaona tangu nasoma. Na hapa ndo narudi kwenye ule mwiko. Ule mwaka darasa moja lilikuwa na wanafunzi 90 na kitu, vitabu ni kimoja kwa sita, unakuta mtoto ana akili kabisa ila anatembea kilomita 9 asubuhi anafika kipindi cha kwanza kimeisha, mwingine kahama katikati ya mwaka amefuata wazazi machimboni. Unarushiwa dadu za 1 kila siku na huna pa kuziweka. Halafu usiku nafungua simu, napewa 1, na kuna mwiko, naigeuza, 6. Kuna kisu kinachoitaka hiyo 1. Hakuna dadu mule ndani isiyo na matumizi, ukiitafutia vizuri inapata karata yake. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hicho. Sio ushindi, ni ule utulivu wa kuona bahati mbaya inarekebishika kwa akili yako na mikono yako, ndani ya dakika moja, na jibu unaliona hapo hapo.

Nilipoielewa hiyo sikuiacha gemu, nilichofanya ni kuhamisha kitu. Skripti zilizobaki nikazisahihisha kwa mpango wa zamu, skripti tano, nasimama, nachagua kosa moja kati ya hizo tano ambalo naweza kulirekebisha kesho darasani, naliandika pembeni. Kosa moja tu. Zile 51 zilizokuwa zimebaki zikaisha siku mbili. Yule binti alipata 38. Alikuwa amekosea alama ya kutoa kwenye maswali matatu yale yale, na nilimwita nikamwonyesha, dakika kumi tu, akacheka kwa kuona ni kitu kimoja kinamuangusha mara tatu. Mkuu wa idara nilimwendea nikamwambia ukweli wote, kwamba sikuumwa. Akaniangalia, akasema asante mwalimu kwa kusema, na akanipa usimamizi wa prepu mwezi mzima, na ilikuwa haki.

Siku hizi nacheza Jumamosi, nakaa na binti yangu mkubwa, ana miaka 10, yeye ndo anachagua dadu iende wapi na mimi naruhusiwa kuuliza tu "kwa nini hapo?". Katikati ya wiki nimejiwekea saa ya kuacha badala ya idadi ya raundi, ikilia naacha hata kama bosi kabakiza damu 1. Kuna siku inashindikana, wiki iliyopita Jumatano nilipitiliza dakika arobaini.

Jana nilikuwa na Roboti. Kihesabio kimebakiza 3, bosi mbele yangu, na alamu ikalia. Niliiangalia ile 3 nikajua ni nusu kwa nusu, na nikajua naitaka sana. Nikamaliza zamu bila kubonyeza, bosi akanipiga nikafa, ilikuwa saa 3 na dakika 40 usiku. Nikaenda kufunga geti.